Rajabu na Mbwa wa Zizi la Mzee Ebenezeri

Kwa miaka ishirini na sita jirani yangu Rajabu alipata riziki yake kwa kulea mbwa, na kwa miaka yote hiyo watu wa mtaa wetu wa Pasua hawakumwacha apumue. Muislamu gani huyu anayeshinda na mbwa? Shemeji yake Fahad, mwenye duka la vipuri kule Njoro, alikuwa akija kuwatembelea anakataa chai, eti vikombe vya nyumba ile vina mashaka. Mwantumu, mke wa Rajabu, alimjibu kaka yake mara moja tu, mbele yetu sote.

"Chai acha, kaka. Lakini kondoo wa akika ya mwanao alilindwa na mbwa hao hao, na nyama yake uliila."

Rajabu mwenyewe hakubishana na mtu. Siku alipopata kazi ile alikwenda kwanza msikitini kuuliza, akaambiwa mbwa wa kulinda mifugo ana ruhusa, mradi najisi yake ioshwe inavyotakiwa. Basi akaosha. Shambani alikuwa na nguo zake za kazi, jerikani lake la maji na kopo la udongo safi. Mate ya mbwa yakimgusa, anaosha mara saba, moja kwa udongo, ndipo anaswali. Nimemwona akifanya hivyo mchana wa jua kali, bila haraka hata kidogo.

Shamba lenyewe liko chini ya Kwa Sadala, ukielekea tambarare ya Sanya. Mwenyewe alikuwa Mzee Ebenezeri, Mlutheri wa Machame, mwenye kihamba chake cha kahawa na migomba huko juu. Huku chini alifuga ng'ombe arobaini na kondoo wapatao mia tatu, na fisi walikuwa wakimmaliza. Yeye na Rajabu walitafuta dawa wenyewe, kwa kujaribu na kukosea. Walichukua watoto wa mbwa wa kawaida wa kijijini kabla hawajafikisha mwezi, wakawatia zizini walale na wanakondoo. Hawakuchezewa na watu, hawakuonjeshwa nyama mbichi. Uji wa dona na maziwa, basi. Mbwa aliyekua hivyo huamini kondoo ni ndugu zake. Asubuhi anatoka nao, jioni anarudi nao, na fisi akisogea anakuta meno yanamsubiri.

Wakati Mzee Ebenezeri anafariki, mwaka jana, mbwa walikuwa wanne: Risasi, Mbege, Diwani na jike lao kongwe Shughuli, mama wa wote watatu. Kwa miaka minne mfululizo shamba lile halikupoteza kondoo hata mmoja kwa mnyama wa porini. Wafugaji wa pale jirani walikuwa wanakuja kuuliza siri.

Mzee alipozikwa, akateremka mwanawe wa mwisho, Primus, kutoka Dar es Salaam. Huyu ndiye ambaye Rajabu alimbeba mgongoni. Alimfundisha kumshika mwanakondoo bila kumvunja mguu. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini na nne, ana gari jeusi na mipango: bustani ya sherehe, nyama choma, harusi, wageni wa kupiga picha mlima ukiwa nyuma yao.

"Rajabu," alisema wiki ya kwanza, bila shikamoo, bila mjomba kama alivyozoea. "Hawa mbwa koko wanatuharibia jina. Wageni wanataka kitu chenye hadhi, bana."

"Wageni watalindwa na hadhi, kondoo je?"

"Naleta mbwa wa maana kutoka Arusha. Wamefundishwa."

Kweli aliwaleta. Majibwa mawili ya kizungu, masikio wima, vifua kama vya ndama, akayajengea banda la matofali lenye sakafu ya vigae. Nyumba aliyolala Rajabu pale shambani haikuwa na sakafu ya saruji, sembuse vigae. Majibwa yalikula nyama mbichi kila siku, na katika maisha yao yote hayakuwahi kulala karibu na kondoo. Rajabu alimweleza. Alimweleza kwa adabu, kwa maneno machache, kisha akamweleza tena. Primus alikuwa anaangalia simu.

Kila Alhamisi jioni Rajabu alirudi kwake Pasua, Ijumaa akaswali, na alasiri akarudi kazini. Primus alijua hilo kama alivyojua jina lake mwenyewe. Ijumaa moja ya mwezi wa pili Rajabu alirudi akakuta kondoo wametawanyika kila upande, wengine wameingia kwenye mahindi ya jirani. Hakuna mbwa. Akapiga mluzi. Kimya.

Winfrida, mama aliyepika pale shambani, alimfuata akikimbia, amejishika kifua. "Kaja mtu na pikipiki asubuhi," alisema. "Kaleta nyama kwenye ndoo. Bosi mwenyewe kasimama pale anaangalia mpaka wamemaliza kula."

"Wako wapi?"

Walikuwa kwenye josho la zamani, lile shimo la kuogeshea ng'ombe ambalo halitumiki tena. Wametupwa humo kama takataka, povu limekauka midomoni. Risasi alikuwa amejing'ata mguu wake mwenyewe kwa maumivu. Rajabu aliingia shimoni akawatoa mmoja mmoja, mikono mitupu.

"Na Shughuli?"

Winfrida akaingiza mkono kwenye blauzi akatoa ufunguo. Shughuli alikuwa amezaa wiki iliyotangulia ndani ya stoo ya majani makavu. Winfrida alipoiona ile ndoo tu alikwenda kufunga mlango, na Primus alipomuuliza ufunguo akamwambia ulipotea tangu Pasaka. Mwanamke anayeishi nyumba ya kupanga, ana watoto watatu, alihatarisha kibarua chake kwa ajili ya mbwa wa mtu mwingine. Sijui wangapi kati yetu tungethubutu.

Rajabu alichimba shimo moja refu, akawazika watatu. Kisha akaenda barazani kwa Primus, udongo bado mikononi.

"Nani kakupa ruhusa?"

"Ruhusa?" Primus alicheka. "Hili ni shamba la baba yangu."

"Baba yako hakuwahi kuua kitu kinachomfanyia kazi. Hata punda aliyezeeka alimwacha afe mwenyewe."

"Rajabu, ni mbwa. Usinifanyie msiba. Na wewe si dini yenu haiwataki? Ungeshukuru."

Rajabu aliniambia kwamba pale mkono wake ulinyanyuka wenyewe, akaushika kwa mkono wa pili. Miaka ishirini na sita alivumilia neno hilo kutoka kwa ndugu zake wa dini, na sasa analirushiwa na mtoto asiyejua hata maana yake, kama kawa la kufunikia uovu. Alimwambia, "Dini yangu usiitie kwenye ndoo yako," akaondoka barazani.

Mimi ningefunga virago siku ile ile. Nilimwambia hivyo, na tukagombana. Yeye alisema kondoo hawana kosa, na Mama Elisifa, mjane wa Mzee, hana kosa. Mama alikuwa anakaa kule juu kwenye kihamba, miguu inamsumbua, na Primus alikuwa amemwambia mbwa wamekufa kwa ugonjwa. Rajabu hakutaka kumpelekea mama wa watu habari chungu na msiba bado haujapoa. Akabaki, akalisha kondoo peke yake, akitembea upande huu na ule kufanya kazi ya mbwa wanne, mtu wa miaka hamsini na tisa.

Wiki tatu baadaye, Jumapili baada ya ibada, Primus alialika wageni kama thelathini kuifungua bustani yake. Meza za vitambaa vyeupe, muziki, mbuzi wawili motoni. Mama Elisifa aliletwa kwa gari akakalishwa mbele. Rajabu alikuwa amewaweka kondoo kwenye uwanja wa chini, ng'ambo ya seng'enge, kama alivyoagizwa, ili waonekane kwenye picha.

Mgeni mmoja akauliza kuhusu majibwa. Primus, glasi mkononi, akaenda kufungua banda.

Hayakutazama mtu. Yaliwaona kondoo wanasogea, na kitu kinachosogea kilikuwa ndicho yalichofundishwa kukamata. Yalipita chini ya seng'enge na kuingia kundini. Kondoo wale, waliozoea kwamba mbwa ni ndugu, mwanzoni hawakukimbia, wengine waliyafuata. Hilo ndilo Rajabu anashindwa kulisimulia hadi mwisho. Waliyafuata. Ndipo damu ikaanza, na kundi zima likajibanza kwenye kona ya seng'enge, wakapandana, wa chini wakakosa hewa.

Rajabu aliingia na fimbo. Jibwa moja likamshika mkono wa kushoto, likamtikisa mpaka akaanguka. Alilipiga puani hadi likaachia. Wafanyakazi wawili wakaleta kamba. Yalipofungwa, kondoo kumi na mmoja walikuwa wameraruliwa, kumi na tisa wamekufa kwa kubanana, na muziki ulikuwa bado unapigwa.

Primus alikuja mbio, viatu vyake vyeupe vinakwepa damu. Na neno lake la kwanza, mbele ya wageni wote, lilikuwa hili: "Rajabu! Nani kakwambia uwaweke kondoo karibu hivi?"

Rajabu aliinama akambeba kondoo jike mmoja aliyepasuliwa tumbo, mwenye mimba, damu ikimtiririkia kwenye kanzu ya kazi, mkono wake mwenyewe unavuja. Akapita katikati ya meza hadi meza kuu, akamlaza juu ya kitambaa cheupe, kati ya sahani.

"Haya," alisema. "Hadhi hiyo. Ipigeni picha."

Wanawake wakapiga kelele. Mama Elisifa hakupiga. Alimtazama kondoo, akamtazama mwanawe.

"Primus. Mbwa wa baba yako walikufa kwa nini?"

"Mama, tutaongea nyumbani."

"Nakuuliza hapa."

Primus akageuka kuwaangalia wageni. Mama akamgeukia Rajabu, na Rajabu akasema yote, ndoo, pikipiki, josho, kwa sauti ambayo hata wapishi waliisikia. Alipomaliza, Mama Elisifa alisimama kwa fimbo yake.

"Shamba hili lina jina langu," alisema. "Baba yako alinipa hati mkononi akiwa hai. Umewaua waliotulinda, ukanidanganya mimi mama yako wakati bado nimevaa nguo ya msiba. Majibwa yako yaondoke leo. Na wewe usiguse mnyama wangu mwingine." Kisha, kwa sauti ya chini, "Rajabu, nakuomba usiniache."

"Mama, wewe nakuheshimu," alisema Rajabu. "Lakini nikikaa hapa nitamfanyia mwanao kitu, na sitaki kufungwa kwa ajili ya mtu kama huyu."

Siku ile ile alikwenda hospitali kuanza sindano za kichaa cha mbwa. Kesho yake akaja na gari la kukodi akamchukua Shughuli na watoto wake watano. Hakuomba, na hakuna aliyethubutu kumzuia. Winfrida naye Primus alikuwa amemfukuza asubuhi hiyo, alipogundua siri ya ule ufunguo. Akapanda gari hilo hilo na masufuria yake.

Rajabu sasa amepanga kiwanja nyuma ya soko la Kwa Sadala. Siku chache baada ya mkasa ule Mama Elisifa alimletea kondoo waliobaki, akamwomba awafuge, wakizaa wagawane. Alikubali, kwa sharti moja kwamba Primus asikanyage pale. Wale watoto watano wa Shughuli walikulia katikati ya kondoo hao, na mwezi uliopita fisi alipojaribu kuwavamia pale bondeni wanakolishwa, saa kumi na mbili asubuhi, alirudi anachechemea.

Kuna watu wanasema Rajabu amezidisha. Hata Fahad, safari hii akiwa upande wa Primus, alisema mbwa ni mbwa tu. Desemba hii Mzee Sirili, mzee wa usharika wa akina Primus, alikuja Kwa Sadala amebeba jani la isale, lile ambalo kwa Wachagga ukipelekewa umeombwa msamaha na hupaswi kukataa. Nilikuwepo.

"Nimetumwa na kijana," alisema Mzee Sirili.

Rajabu alimkaribisha kiti, akampa maji ya kunywa. "Shikamoo, mzee wangu. Jani hili ni la kwenu na nalipa heshima yake. Lakini aliyekosa ana miguu na ana gari. Alilete kwa mkono wake, na akifika aseme kwa mdomo wake alichokifanya, mbele ya Winfrida na mbele ya mama yake. Akisema, nitalipokea."

"Na asipokuja?"

"Basi asije."

Mzee Sirili alitikisa kichwa, akaondoka na jani lake. Mpaka leo Primus hajafika.