Pole Iliyochelewa

Jumamosi nilipanga foleni kwenye bucha moja huku ughaibuni, mtaa wa Alief, nyuma ya Watanzania wawili wasiofahamiana: mama mwenye sare ya unesi na mzee mwenye kikapu. Kwa desturi yetu, mzee aliuliza kwao ni wapi, kisha ni wa ukoo gani. Mama akataja jina la babu yake.

Mzee akaweka kikapu chini. "Huyo ndiye aliyemshinda baba yangu uchaguzi wa jimbo, kabla ya uhuru."

"Jamani! Aliiba kura?"

"La, alishinda kihalali. Lakini hakuja kumpa pole, na nyumba zilitazamana. Baba alikaa barazani siku tatu akimngoja. Alikufa na kinyongo chake."

"Oh, sorry, mzee."

Mzee akatikisa kichwa. "Sorry nazisikia kila siku huku."

Mama akavua miwani, akapiga goti kidogo mbele ya friji ya nyama, akaishika mikono ya mzee yote miwili. "Pole sana, baba, kwa kushindwa."

Mzee akaitikia kwa kichwa. "Tumeshapoa, mwanangu."

Nimewaona wengi walioshindwa wakidai kura zihesabiwe upya. Huyu wa kudai pole tu, tena kwa niaba ya marehemu, ndiye wa kwanza mimi kumwona.

Muuza nyama akaita anayefuata. Mama akamsihi mzee atangulie.

"Tangulia wewe," akajibu, akiokota kikapu chake. "Sisi kwetu tumezoea kuwa wa pili."