Fidla ya Gavrilă na Nyasi Tatu za Palaghia

Naapa kwa kofia yangu ya reli, niliyoivaa miaka thelathini na moja nikigeuza njia za treni: kila neno humu ni la kweli. Hata lile la farasi.

Saa kumi na mbili asubuhi. Gavrilă Tomoiagă, mwenye miaka sabini na miwili, ameketi jikoni kwake katika bonde la Iza, akiiotesha fidla moto kando ya jiko la kuni. Ugali na jibini la kondoo vinapoa mezani. Anayarudia maneno ya msamaha, yale ambayo kwetu mpiga fidla humsemea bibi harusi mbele ya wazee wake kabla hajatoka kwenda kanisani.

"Nisameheni, baba na mama, kwa kila neno…" Anakwama, ananigeukia. "Unaona? Nimeyasema harusi zaidi ya mia nne. Hii moja tu, yananikaba kooni kama mwiba wa samaki."

Harusi yenyewe ni ya Jumamosi. Anayeolewa ni Anuța, mjukuu wa Ilieș Dunca. Ilieș ndiye aliyekuwa mpiga gitaa wa Gavrilă, na hajamsemesha tangu mwaka 1987.

Watu walimwalika Gavrilă kwa ajili ya fidla, lakini waliganda vitini kwa ajili ya ulimi wake. Akiweka upinde chini, alipaza beti za kumtania yeyote: msimamizi bahili, mama mkwe, padri mwenyewe. Mwaka 1979 alimchekesha farasi wa padri mpaka mnyama akaketi chini na mkokoteni wake. Nilikuwepo.

Siku hizi mambo yamepoa. Harusi ya siku mbili humpa lei mia tisa, na mwaka jana alipata harusi sita tu. "Vijana wanataka spika kubwa kama kabati," anasema. "Spika haijui kutania, kwa hiyo haikosei. Labda ni heri."

Kosa lake lilitokea kwenye harusi ya Ilieș mwenyewe. Bibi harusi, Palaghia, aliibwa na vijana kama ilivyo ada, na msimamizi akamkomboa kwa chupa tano za gongo ya plamu. Aliporudi ukumbini alikuwa na nyasi tatu, zimechomekwa chini ya taji nyuma ya sikio la kushoto. Gavrilă akaziona, akapaza sauti:

"Mmemkomboa mwali kwa chupa tano za gongo,
Nywele zimejaa nyasi, nyasi hazina uongo!"

Ukumbi ulipasuka kwa kicheko. Palaghia akalia. Ilieș akaliweka gitaa chini katikati ya wimbo, akamshika mkewe mkono, wakatoka.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Ubeti ule ulienda sokoni, ukaenda kisimani, ukamngoja Palaghia kila alikopita. Miaka mingi watu walimwuliza kama ghala la nyasi lilikuwa na joto.

"Kila mwaka nilisema nitakwenda kumwomba radhi," Gavrilă anasema. "Mwaka huu mvua, mwaka ule mafua. Majira ya baridi ya juzi akafa. Nilisimama nje ya uzio wa makaburi kama mbwa wa watu."

Anuța ndiye aliyemwomba aseme maneno ya msamaha. Lakini lango ni la babu yake, na bila ruhusa ya babu hapiti mtu. Tukaenda pamoja, mimi nikiwa na karatasi za habari hii, kwa kuwa gazeti ninaloliandikia linataka kusikia pande zote mbili.

Ilieș alitukuta langoni. Hakufungua.

"Wewe mgeuza reli, soma," aliniambia. "Huyo mwingine anyamaze. Ulimi wake naujua."

Nikasoma. Nilipofika kwenye sikio la kushoto, akainua kidole.

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Zimechomekwa?" Sauti yake ilikuwa ya chini. "Kijiji kizima kinasema zilinasa alipolala ghalani. Palaghia aliniapia kwamba walimweka jikoni kwa mjane wa kinu cha unga, anakunywa chai. Nyasi hakujua zilikotoka, mpaka anakufa. Wewe umejuaje kwamba zilichomekwa?"

Nikazikunja karatasi zangu.

"Na waliomwiba walikuwa wanne," akaendelea. "Wewe mmoja wao."

"Ulikuwa utani tu, ndugu yangu Ilieș," nikasema.

Gavrilă alinigeukia taratibu. "Miaka thelathini na saba," alisema, "nimekula ugali wangu na aibu ile, nawe umekaa mezani kwangu unakula nami?"

"Ubeti ni wako," Ilieș akamkata. "Nyasi ni za huyu. Kila mtu abebe mzigo wake." Kisha kwangu: "Chupa tano mlikunywa. Zirudishe."

Nilikwenda nyumbani, nikarudi nazo kwenye toroli. Lango lilikuwa wazi. Walikuwa wamekaa benchi moja, kila mmoja kwenye ncha yake.

"Jumamosi uje," Ilieș alikuwa akimwambia Gavrilă. "Useme polepole, mtoto asikie. Gitaa sikuahidi. Vidole vimekauka."

"Sijaomba gitaa," Gavrilă akajibu, lakini macho yake yalikuwa ukutani, gitaa lilipotundikwa. Hilo ndilo tumaini lake: wimbo mmoja, huyu akimfuata yule, kabla vidole havijagoma kabisa.

"Na farasi?" Ilieș akaniuliza. "Hilo nalo umeapia?"

"Yule farasi alikuwa kiwete," Gavrilă akasema. "Aliketi kila kituo."

Nikafuata chupa ya sita, faini ya farasi. Ilieș hakuifungua.

"Hii mpelekee Palaghia. Ummwagie kidogo, na useme mwenyewe. Usitume mpiga fidla."

Nimetoka makaburini sasa hivi. Maneno ya msamaha nayajua yote, nimeyasikia harusi baada ya harusi. Yalinikaba pale pale yanapomkaba Gavrilă.