Sahani ya Mlango wa Pili

Krismasi iliyopita nilifanya jambo ambalo nimekuwa nikitishia kulifanya kwa miaka mingi: nilipunguza. Nilikataa harusi mbili za Disemba, nikawaambia wenzangu wa chama chetu cha akina mama kwamba sherehe yao itanipita, nikamwambia shemeji kwamba mwaka huu hatuendi ushago, kule kijijini kwao. Binti yangu, aliyekuwa akinihubiria jambo hilo tangu Julai, alinipigia makofi pale jikoni. "Matha, hapo sasa umeamka," akasema. "Krismasi si mambo ya kujiua." Basi tarehe ishirini na nne alasiri, hapa kwangu Mowlem, ghorofa ya tatu, nikaanza kukanda unga wa chapati za watu wawili. Redio inaimba, mimi nakanda, mawazo yako mbali. Nilipotazama chini, karai lilikuwa limejaa. Mikono ilikuwa imekanda kipimo cha Shosho.

Wewe uliyekulia upande huu wa mji huhitaji kuelezwa kipimo hicho. Lakini kama ulikulia kwingine, jua tu kwamba Shosho, nyanya yangu, hakuwahi kupika chapati za familia. Alipika za estate, za mtaa mzima. Tulikaa katika zile nyumba za zamani za safu, mlango unafuatana na mlango, bomba moja la maji mwishoni, kamba za nguo zimekatiza uwanja. Mkesha wa Krismasi Shosho aliamka akajifunga leso kiunoni na hakuketi tena. Mama alikata vitunguu. Mimi nilikuwa na kazi yangu ya kupepea jiko kwa kifuniko cha sufuria kilichopinda, moshi machoni, huku nikiomba kimoyomoyo chapati moja iraruke, kwa kuwa iliyoraruka ilikuwa yangu. Shosho alijua. Sidhani zile zote ziliraruka kwa bahati mbaya.

Nyama ilikuwa ya mbuzi wa Kiamaiko, kule machinjioni, na Shosho hakukubali ya kwingine. Sisi tulikuwa Wakristo, watu wa asili ya Murang'a, tungeweza kula nyama ya mahali popote. Lakini mlango wa pili kutoka kwetu alikaa mama mmoja Mwislamu, asili yake Mombasa, aliyeuza mahamri na viazi vya karai dirishani kwake. Nyama ya Kiamaiko ilichinjwa na watu wa dini yake, kwa hiyo angeila bila kuuliza. "Chakula cha kuulizwa maswali si chakula," Shosho alikuwa akisema.

Sasa nikueleze desturi ya Shosho na jirani huyo, maana kila kitu kinatoka hapo. Siku ya Idd, nyumba yetu haikuwasha jiko mchana. Tuliketi tumeoga, mafuta usoni, tukisubiri sahani ya mlango wa pili. Ilikuja imefunikwa kitambaa cheupe chenye maua ya kudarizi pembeni: pilau, kachumbari, kipande cha keki ya iliki. Harufu ilifika kabla ya sahani. Na siku ya Krismasi, yule jirani naye hakuwasha jiko. Aliwavalisha binti zake wawili nguo za Idd, akatandika mkeka, akasubiri sahani yetu. Hakuna aliyewahi kupatana na mwenzake kwamba iwe hivyo. Ilikuwa tu hivyo, na sahani haikurudi tupu hata siku moja.

Nilikuwa na miaka tisa au kumi Shosho alipoanza kuvimba miguu. Alipoibonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Kule zahanati wakasema ni presha, wakasema apumzike, na mtu aliyewahi kumwona Shosho akipumzika hakuwepo. Mama aliogopa. Sikulijua hilo wakati ule. Nilidhani ni ukali tu. Wiki moja kabla ya Krismasi alisimama mbele yake na kusema, "Mami, hiyo miguu imefura kama mandazi. Mwaka huu tunapika ya nyumba tu. Basi."

"Na mlango wa pili?" Shosho akauliza.

"Ai, Mami. Krismasi si yake. Mtu wa Idd atajali nini?"

Shosho alizungusha bangili yake mkononi, akatazama miguu yake ndani ya karai la maji ya chumvi, akaacha iwe hivyo. Mimi nilifurahi. Sitakudanganya. Niliwaza tu kwamba sitapepea jiko siku nzima.

Na ilikuwa Krismasi nzuri, ndiyo maana nashindwa kuisimulia bila moyo kugawanyika. Tulirudi kutoka kanisani polepole, Shosho ameegemea bega langu. Mama alipika chapati chache, na kwa mara ya kwanza nilimwona Shosho amekaa kitini, sahani mapajani, chapati inatoka kwenye kikaango na kutua mbele yake ikiwa bado inafuka. Miaka yote alikula ya mwisho, iliyopoa, amesimama. Aliirarua, akaichovya kwenye mchuzi, akafumba macho. "Kumbe ndivyo zilivyo zikiwa moto," akasema, na Mama akacheka mpaka akafuta machozi kwa leso. Hakukuwa na mtu wa kukimbizwa na sahani. Manyunyu yalianguka juu ya mabati na sisi tulikuwa ndani, tumeshiba, tumetulia. Nilimpenda mama yangu sana siku ile.

Saa kumi mlango ulibishwa. "Hodi wenyewe!"

Alikuwa jirani wa mlango wa pili, buibui limelowa mabegani, uso umemkunjamana kwa wasiwasi. Hakutazama meza. Alimtazama Shosho kutoka kichwani hadi miguuni. "Alhamdulillahi, shosho, u mzima!" akasema, mkono kifuani. "Nimeona kimya tangu asubuhi, sijasikia sufuria wala nini. Roho ikanipiga pa. Nikasema, leo kwa shosho kuna jambo."

Ndipo tukaelewa. Hata mimi, mtoto, nilielewa. Alikuwa amesubiri tangu mchana, na sahani ilipochelewa hakuwaza kwamba amesahauliwa. Aliwaza kwamba tuna mgonjwa, au maiti.

"Niko tu, mwanangu," Shosho alisema. "Ni hii miguu."

Mama alisimama, akaketi, akasimama tena. Akamletea chai. Hakukuwa na chapati hata moja, tulizila zote. Kwenye sufuria ulibaki mchuzi na mfupa. Jirani alikunywa chai yote, akamwombea Shosho dua, akasifu gauni langu, akaondoka akisema mwenye maradhi hapaswi kuchoshwa na wageni. Alipofunga mlango, Mama alishika ile sufuria. "Nimpelekee huu mchuzi?"

"Makombo?" Shosho akasema. "Mtu ametandika mkeka, umpelekee makombo?"

Unga ulikuwepo, lakini chapati si chai; kukanda, kuacha unga upumzike, kusukuma, ingefika magharibi. Shosho akairudisha miguu yake kwenye lile karai la maji ya chumvi. Mwishowe Shosho akanituma nikachungulie tu. Nilipita kama naenda bombani. Mlango wao ulikuwa wazi. Mkeka ulikuwa umetandikwa, sahani zimefudikizwa juu yake, safi, na wale wasichana wawili katika nguo zao za Idd walikuwa wamejilaza pembeni mwa mkeka, wamechoka kungoja. Nje barazani mama yao alikuwa ameinama akipepea jiko. Makaa yalikuwa yamelowa manyunyu. Yalitoa moshi tu, hayakushika, naye alipepea na kukohoa, akaniona, akanitabasamia. "Haya, mwali, Krismasi njema," akasema.

Nilirudi nikasema makaa yao hayashiki. Shosho akatoa miguu kwenye maji na kukaa akiitazama sakafu.

Mama alijaribu kurekebisha. Kesho yake alikanda unga, akapeleka sahani iliyojaa pomoni, na jirani akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru. Lakini sahani ya kesho si sahani ya siku yenyewe, na wote wawili walijua. Iliporudi ilikuwa na mahamri juu yake, imefunikwa kile kitambaa cha maua. Shosho alikikunja vizuri akanipa nikirudishe.

Idd iliyofuata tulioga, tukapaka mafuta, hatukuwasha jiko. Sahani haikuja. Saa nane Mama akataka kupika, Shosho akamkataza: "Ngoja." Saa tisa ikapita. Saa kumi Mama akasonga ugali kimya kimya, tukala kwa sukuma wiki. Siku chache baadaye walikutana bombani, na jirani ndiye aliyeanza kueleza, kwa upole, ameshika mkono wa Mama. Alisema alifikiri sana kuhusu miguu ya shosho. Alisema angeleta sahani, shosho angejilazimisha kuijibu, na presha haina mchezo. "Nikaona nisimtwike mzigo, mwenzangu. Apumzike."

Hakuwa na kinyongo hata chembe. Kama angekuwa na hasira Mama angeomba msamaha na yangekwisha. Alitufanyia wema uleule ambao Mama alimfanyia Shosho, na wema huo ukamaliza kila kitu. Walisalimiana vizuri miaka yote hadi jirani alipohama na binti zake, na sahani haikupita tena kati ya milango ile. Shosho aliishi. Alipata Krismasi nyingine nyingi, ameketi, akila chapati moto, kwa hiyo nani atasema Mama alikosea? Mimi siwezi. Nimejaribu kuwaza ni nani ningemlaumu na sipati mtu. Shosho mwenyewe alisema mara moja tu, akiwa ameshazeeka kabisa: "Nilipumzishwa vizuri sana." Sikujua nicheke au nilie.

Basi Krismasi iliyopita, mimi na binti yangu tulikula chapati zetu moto, tumeketi. Ilikuwa tamu, nakiri. Hakuna simu, hakuna safari. Binti akalala kwenye kochi na zile chapati za kipimo cha Shosho zikabaki pale mezani, mlima mzima. Nilizipanga kwenye sahani, nikazifunika kitambaa safi, nikatoka nje ya mlango.

Kwenye ngazi zetu kuna milango minne. Watu wa mlango wa mbele yangu nawajua kwa viatu tu: sandali za watoto wawili, na viatu vya mwanamume ambaye Ijumaa hushuka akiwa na kanzu. Tunaambiana "sasa" na "poa" tukipishana. Jina la mama wa nyumba ile silijui. Niliinua mkono kubisha, nikasikia mafuta yakitatarika ndani, sufuria ikigongwa kwa mwiko, mtoto akiitwa aje ale.

Walikuwa wameshapika. Hakuna aliyekuwa akinisubiri.