Nta Niliyomnyima Baba Mdogo

Baba mdogo alichukua gemu la kaka yangu siku ya kumaliza matanga, mbele ya ukoo mzima, akiwa bado anatafuna. Sijamsamehe na sina mpango huo. Wapo wanaoandika kumbukumbu ili mioyo yao itulie. Wangu ulishatulia siku nyingi, na nitaeleza ulivyotulia.

Kaka alikuwa fundi redio pale Murongo, kwenye kibanda kilichotazama barabara ya kwenda Uganda. Watu walivuka na redio, kanda za muziki, saa za ukutani, na kila kilichozimika njiani kiliishia mezani kwake. Miaka ya tisini ilipoanza, mfanyabiashara mmoja alivuka na gemu, lile la zamani la kuchomeka kanda kwa juu, lenye pedi mbili za kushika mkononi. Halikuwa na sauti, na mwenyewe alichoka kulihangaikia akamwachia kaka. Kaka alilifunga kwenye televisheni yake ndogo isiyo na rangi, iliyotumia betri ya gari, na picha ikatoka safi kabisa. Vifaru vya kivita vilitembea, vikapigana, vikalipuka, lakini kilichosikika ni mvumo tu, kama mvua ya mbali.

Wazazi wetu walikuwa wametangulia, tulibaki wawili. Siku ambazo sikuwa shambani kijijini kwetu Kamuli nilikaa naye kibandani, nikimpulizia makaa ya kupashia chuma cha kulehemu. Hakuniita mwanafunzi, lakini hakufungua kitu bila kunionyesha.

"Usikimbilie kufungua," aliniambia siku ile. "Kwanza uliza, nani amenyamaza? Televisheni au gemu?"

Akaongeza sauti, ule mvumo ukakua. Akapunguza, ukapungua. Basi spika ilikuwa nzima, maana spika iliyokufa haivumi. Akabadilisha kanda, mvumo ule ule. Akazungusha kitufe cha stesheni taratibu. Sauti ilipotaka kuja picha iliharibika, picha ilipotulia sauti ikaondoka. Hapo ndipo akafungua gemu na kunionyesha kijisanduku cha bati kilichojificha pembeni. Ndani yake kulikuwa na waya mwembamba uliosokotwa, na katikati ya waya kipande cheusi kinachozunguka kama skrubu. Alisema picha na sauti hutoka pamoja kwenye waya mmoja lakini kila moja ina njia yake, na kile cheusi ndicho kinachoshika njia ya sauti. Kikihama kidogo tu, televisheni inaona bila kusikia.

Hakukigusa kwa bisibisi. Alichukua mrija wa kunywea rubisi, pombe yetu ya ndizi, mmoja wa ile mirija ya tete ambayo kila nyumba ya kwetu inayo, akauchonga ncha ukawa bapa. Chuma kinadanganya, alisema. Ukikiingiza, sauti inakuja kwa sababu ya chuma chenyewe, ukikitoa inaondoka nacho. Akazungusha kwa mrija, taratibu mno, mpaka wimbo wa vifaru ukatoka mkavu na mkali, na wapita njia wakaanza kuchungulia kibandani. Kisha akawasha mshumaa na kudondosha tone la nta juu ya kile cheusi, kisihame tena.

Alipoanza kuumwa alirudi Kamuli, nikamuuguza mimi. Gemu lilikuja naye. Siku za mwisho hakuweza kukaa wala kutazama, mwanga ulimuumiza macho. Alilala kwenye mkeka akanitaka nicheze yeye asikilize.

"Kifaru kipo kulia kwako," alikuwa akisema, amefumba macho. "Sogea. Sogea wewe mtoto, unapigwa."

Na kweli nilikuwa napigwa. Alicheza vizuri zaidi kwa masikio kuliko mimi kwa macho. Alipofariki, wimbo ule ndio kitu pekee nilichotaka kibaki nyumbani kwetu.

Siku ya kumaliza matanga wanaume wa ukoo waliketi uani, mtungi katikati, mirija mdomoni. Mimi ndiye niliyewahudumia. Baba mdogo, anayemfuata marehemu baba kwa kuzaliwa, alikuwa ndiye msemaji. Wakati kaka anaumwa alikanyaga kwetu kwa nadra na hakuvuka mlango, alitoa pole akiwa uani kama mtu anayeogopa mbwa. Siku hiyo sauti yake ilikuwa kubwa.

"Marehemu hakuacha mtoto," alisema. "Huyu ni wa kike, kesho ataolewa. Vitu vya ukoo huu haviwezi kwenda kutajirisha ukoo mwingine. Nitavitunza mimi."

Wazee wakatikisa vichwa kukubali. Sanduku la vifaa, mita ya kupimia umeme, betri, televisheni, gemu, vyote vikawa vyake kabla mtungi haujakauka. Kisha akanigeukia, bado anatafuna ndizi yake, akaniambia nimsaidie kubeba. Nilibeba televisheni ya kaka yangu kichwani, nikapita nayo migombani mpaka nyumbani kwa aliyeninyang'anya, yeye akitembea mbele mikono mitupu. Shingo iliuma, lakini si shingo ninayoikumbuka. Nilijiapiza palepale njiani kwamba televisheni ile itarudi kwa njia ile ile, na si kichwani kwangu.

Sikujua itakuwaje. Nilisubiri tu, na jeuri yake ndiyo iliyonisaidia.

Mvua za mwaka huo zilikuwa nyingi, na gemu lake, nasema lake kwa uchungu, likaanza kuonyesha picha ya kurukaruka. Kwetu sisi betri za redio zikichoka huanikwa juani, na kweli huamka kidogo, kila mtu anajua. Baba mdogo akaona kinachoponya betri kitaponya na gemu. Mvua zilipokwisha na kahawa ikaanza kuanikwa, alilitoa nje na kulilaza katikati ya mkeka wa kahawa, asubuhi mpaka kahawa ilipoanuliwa.

Nililiona. Nilikuwa napita kwenda mtoni na ndoo yangu, nikaona ile plastiki nyeusi imelala kwenye jua kali, nikaikumbuka nta ya kaka iliyomo ndani. Baba mdogo alikuwa ameketi barazani anachagua kahawa mbovu.

"Shikamoo baba mdogo," nikasema.

"Marahaba."

Nikaendelea na safari yangu. Huko mtoni nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakaniuliza kulikoni.

Unyevu ulikauka, picha ikatulia, na sauti ikatoweka. Habari zilinifikia siku hiyo hiyo, maana watoto wake walilia njia nzima. Baba mdogo alianza kuipiga televisheni makofi. Akapuliza kanda zote mpaka mate yakaingia. Akabadilisha waya. Akaweka spika mpya, ikavuma kwa nguvu zaidi. Mwishowe akalifunga gemu nyuma ya baiskeli na kulipeleka kwa fundi wa Omurushaka. Fundi yule alifika hadi kwenye kijisanduku cha bati, tena akaigusa skrubu yenyewe, ila kwa bisibisi ya chuma. Sauti ikaja, baba mdogo akashangilia. Bisibisi ikatoka, sauti ikatoka nayo. Walirudia mchezo huo mpaka fundi akasema gemu lina tabia mbaya, alirudishe lilikotoka.

Halafu ikakaribia siku ya kipaimara cha binti yake. Baba mdogo alikuwa ameshawatangazia watu wa kanisani kwamba baada ya misa watakula, watakunywa, na vijana watacheza gemu. Kwanza alimtuma mkewe.

"Waitu, mwanangu," mama mdogo akaniambia kwa neno letu la kubembeleza, "baba yako anaomba ukamtazamie kile kitu."

Yeye sikuwa na ugomvi naye. Nikampa kiti na maziwa, nikamjibu kwamba baba anajua njia ya kuja kwangu.

Alikuja kesho yake, akasimama uani pale pale alipokuwa akitolea pole.

"Karibu ndani," nikamwambia.

"Hapa panatosha. Nasikia unakijua kile kitu."

"Nakijua. Nitakuja siku ya sherehe, wageni wakiwapo. Na ukija kunichukua uje na sanduku la vifaa la kaka. Likishaingia humu ndani, halitakuwa la kwako tena."

Akaanza kuondoka, kisha akageuka. "Wewe binti una roho ngumu."

"Ndiyo, baba mdogo."

Siku ya kipaimara sanduku lilikuja kwenye baiskeli yake, nikaliweka uvunguni, nikajifunga kitenge kizuri nikaenda. Wageni walijaa sebuleni, na wale wazee wa matanga walikuwapo. Ningeweza kunyoosha mkono na kumaliza mara moja, lakini sikuja kwa ajili ya haraka. Niliketi kwenye kiti kilichotazamana na televisheni, nikamfanya yeye ahangaike.

"Baba mdogo, ongeza sauti." Akaongeza. "Punguza." Akapunguza. "Umesikia mvumo unapanda na kushuka? Basi spika uliyoitupa ilikuwa nzima." Mzee mmoja akakohoa. "Badilisha kanda." Akainama, akabadilisha. "Nyingine." Akainama tena. "Zungusha stesheni, polepole, baba, usiiparamie." Shati la kanisani lilimganda mgongoni kwa jasho. Roho yangu ilisuuzika, sitaficha.

Alipokwisha kuchoka ndipo nilipofungua gemu. Nikachomoa mrija mmoja kwenye mtungi wao wa rubisi, nikaufuta, nikauchonga kwa kisu cha jikoni. Nilizungusha kidogo, nikasikiliza, nikarudisha nyuma kidogo. Wimbo wa vifaru ukajaa sebule. Watu wakapiga makofi, na mimi ikabidi niiname kwa muda nijifanye natafuta skrubu, kwa sababu nilimsikia kaka waziwazi akiniambia nisogee.

"Umemaliza?" baba mdogo akauliza.

"Nimemaliza."

Mshumaa wa kipaimara ulikuwa unawaka mezani, karibu na mkono wangu. Sikuugusa. Nilifunga gemu bila tone la nta, nikala pilau, nikaaga.

Kile cheusi kisichoshikwa na nta hakitulii. Ukiligonga gemu kinahama, ukilibeba kinahama, watoto wakigombania pedi kinahama. Sauti iliondoka kabla hata wageni hawajasahau sherehe. Baba mdogo akarudi, na safari hii aliingia ndani na kuketi. Nikachukua mita ya kaka iwe malipo. Alipokuja tena nikachukua betri, ikawa analazimika kuazima ya mwenye mashine ya kusaga kila watoto wakitaka kucheza. Kila mara nilitengeneza vizuri, na kila mara nilirudi nyumbani na nta yangu. Angeweza kuachana nalo, lakini alikuwa amejisifu mno. Mbele ya watu walewale waliompa vitu vile, asingekubali kuonekana ameshindwa kuvitunza.

Mwisho nilimwambia nimechoka kwenda kwake. Akitaka gemu lipone, alete gemu na televisheni, nivitazame pamoja.

Baiskeli yake ilikuwa imepasuka gurudumu, au labda Mungu aliamua tu kunitendea haki. Nilikuwa uani napembua maharage nilipomwona anatokea migombani, televisheni kichwani, mkono mmoja umeishika, gemu limening'inia begani kwenye mfuko. Jua lilikuwa la mchana. Jirani zangu wawili waliokuwa wanapalilia waliacha majembe wakamtazama anavyopita. Sikunyanyuka kumpokea.

"Weka ndani, juu ya meza," nikamwambia.

Akaweka. Akatoka akiikanda shingo yake, na hapo nikajua inauma wapi hasa.

"Nije kuvichukua lini?" akauliza.

"Siku nitakapoolewa, baba mdogo. Si ulisema ni kesho?"

Aliwatazama wale jirani, ambao hawakujificha hata kidogo, akautazama mlango wa nyumba ya kaka. Nilimsubiri aseme habari za ukoo na msemaji wa ukoo. Lakini alijua, na mimi nilijua, kwamba akivibeba tena, atabeba vitu visivyosikika. Akaniaga kwa sauti ndogo na kushika njia.

Niliingia ndani. Betri ya kaka ilikuwa imejaa, nilikuwa nimeipeleka kuchajiwa siku iliyopita kwa makusudi. Nikaunganisha, nikachonga mrija, nikazungusha mpaka wimbo ukatoka mkavu na mkali kama ule wa Murongo. Kisha nikawasha mshumaa, nikadondosha nta, nikaipulizia ikaganda.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho na kufungua dirisha la upande wa njia. Kwenye migomba ya mbali nilimwona anasimama. Hakugeuka, lakini alisimama.

Nikaketi kwenye mkeka aliolalia kaka, nikashika pedi, nikafumba macho nicheze kwa masikio. Nilipigwa papo hapo. Nikaanza tena.