Mbwa wa Polisi na Binti Yangu Zuhura

Naona aibu, lakini nasema. Juzi nilitoka Kurui kumpeleka binti yangu Zuhura, mwenye usonji, kwenye kituo cha mazoezi Tangini. Mara akaingia askari na mbwa mkubwa. Nikachanganyikiwa. Kuna mwizi humu ndani? Au wananitafuta mimi? Mbwa akaja kuninusa miguu. Nikarukia mezani, mikono juu.

"Afande, sijaiba kitu!"

"Shikamoo, mzee. Nani kasema umeiba?" askari akauliza. "Huyu amefundishwa kukaa na watoto wenye usonji."

Sikuelewa. Polisi, mbwa, watoto? Nilipotazama chini, Zuhura alikuwa amemkumbatia yule mbwa shingoni. Mwanangu, ambaye hakutamka neno tangu Ramadhani, akaniangalia mbele ya wazazi wote.

"Baba," akasema, "shuka."