Meza ya Wageni

Kazi yangu ni kuwaambia watu wasijiumize. Mimi ni afisa wa usalama katika kiwanda cha sabuni, na mkubwa wangu alikuwa ameniahidi ajira ya kudumu iwapo ningewafunza wasimamizi vizuri tofauti ya tathmini mbili. Ile ya hatari huuliza ni nini mahali hapa kinachoweza kumdhuru mtu: waya ulio wazi, sakafu yenye mafuta. Ile ya ergonomia huuliza kama kazi yenyewe inaufaa mwili wa anayeifanya: kiti, kimo cha meza, shingo inaelekea wapi.

Niliandaa somo hilo nyumbani kwetu Buruburu. Kwanza nikaonyesha ubingwa. Mtungi wa gesi nikauhamishia ua wa nyuma, waya wa televisheni nikaubana ukutani, zulia nikalibandika gundi. Kisha, bwana mtaalamu, nikazama kwenye kochi, kompyuta juu ya meza fupi ya sebuleni, magoti yakikaribia masikio. Wiki nzima.

Meza ya kulia chakula ilikuwepo, tena ya mvule. Lakini nani kwetu hula pale? Sisi hula tukiwa tumepakata sahani. Meza ile ni ya thamosi, vikombe tulivyozawadiwa harusini, na wageni. Kuweka kompyuta pale niliona ni utovu wa adabu.

Siku ya somo shingo ilikataa kugeuka. Niliwafunza waliokaa upande wa dirisha tu. Wengine walilitazama sikio langu. Nilipofika kwenye picha ya mtu aliyejikunja mbele ya kompyuta, msimamizi mmoja akauliza kwa upole kama ni mimi. Wakacheka, nami nikaona aibu hadi jasho likanitoka. Mkubwa akasema nirudie somo wiki ijayo, shingo ikipona.

Jioni nilikuta mke wangu ameshahamisha thamosi na vikombe. Nikakaa mezani, kompyuta juu ya vitabu vya nyimbo, mgongo wima. Kwa raha niliyoisikia, nusura nilie.

Ndipo simu yake ikaita: mamake ameshashuka basi la kutoka Bungoma, yuko njiani. Kabla hajakata simu nilikuwa nimeinuka, napanga vikombe.

"Na shingo?" akauliza.

"Itangoja mama aende."

Mama alikuwa amekuja kukaa mwezi mzima. Somo nililirudia nikiwa nimeangalia dirisha, na ajira ya kudumu ningali naingoja.