Siku Niliyomfanya Babu Dereva

Jamani, kuna aibu za kucheka na aibu za kunyamaza, na hii yangu sijui niiweke wapi, maana pale soko la Kasulu wapo wanaonisimulia mimi mwenyewe huku wameshika mbavu, nami nacheka nao, halafu nikirudi Heru Juu namkuta babu amekaa kwenye kigoda chake, kicheko chote kinakatika.

Babu ana Landrova ya zamani (aliinunua kabla baba hajazaliwa), na macho yake yalipoingia ukungu akanipa ufunguo akasema, "Isife nikiwa hai." Leseni yangu ilikuwa bado mbichi, na ndoto yangu ilikuwa kubeba maharusi hadi Kibondo, sasa nikaona haifai kumpandisha bibi harusi kwenye gari la bima ndogo (ile inayomlipa uliyemgonga, gari lako utajua mwenyewe), nikaenda kwa Bwana Shabani, muuza vitambaa ambaye pia ni wakala wa bima, nikaomba bima kubwa.

Akaniangalia, akaliangalia gari. "Gari kongwe, dereva kinda. Kampuni haitakubali. Nani hasa ataendesha?"

"Babu," nikasema bila kufikiri. "Mimi naosha tu. Babu anaendesha kuliko mimi."

"Basi mlete kesho nimwone."

Ningesema ukweli palepale yangeisha. Badala yake jioni nikamwambia babu kwamba nimewaambia watu wa bima yeye ndiye dereva, na kesho wanataka kumwona, nikingoja anitanie (babu na mjukuu kwetu hawaishi kutaniana), lakini hakutania, aliuliza tu, "Umewaambia hivyo?" Asubuhi nikamkuta amevaa koti na kofia yake ya kanisani, viatu vinang'aa.

Na siku yenyewe ilikuwa ya gulio! Niliendesha mpaka nyuma ya soko, tukabadilishana viti, nikijua Bwana Shabani atamwona tu kwenye usukani aridhike. Akaja, akamwamkia kwa heshima zote, akasema, "Mzee, nenda mpaka kwenye ile nguzo, urudi."

Nilitakiwa kusema kitu. Sikusema. Babu akatia gia kwa ulaini ambao mimi sina, gari likaondoka, watu wakapiga makofi, nami mpumbavu nikapiga, mpaka nilipoona nguzo iko mbele yeye anakata kulia, anaelekea kwenye vibanda.

"Babu, breki!"

Alikanyaga, lakini turubai la kibanda lilikuwa tayari juu ya kioo na maharage yamemwagika uwanja mzima. Mama mwenye maharage akaja mbio, mkono juu, nami niliomba anitukane mimi, lakini alipomwona babu anapapasa mlango akitafuta kitasa, mkono ukashuka, akapiga magoti juu ya maharage yake, akamwamkia kwa Kiha.

"Mwakeye, mzee. Pole."

"Nimeumiza mtu?" babu akauliza, akiangalia upande ambao hakuwepo mtu.

"Hapana, mzee. Maharage tu."

Watu wakainama kuokota, Bwana Shabani naye na kanzu yake nyeupe, na habari ya bima hakuna aliyeigusa tena. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Njiani, tulipoanza kupanda kwenda nyumbani, babu akanigeuzia uso.

"Nilijua sioni," akasema. "Ila uliposema mimi ndiye dereva, nikafikiri, huyu mtoto naishi naye, kila siku ananiangalia, labda yeye ameona bado naweza. Nikakuamini."

Angenichapa ingekuwa nafuu.

Siku hizi naendesha na bima ndogo, na maharusi wanapanda vivyo hivyo. Ila kumsifu mtu kwa jambo ninalojua hawezi, ili mimi nipate changu, sirudii, hata kwa utani. Babu hukaa pembeni yangu tukienda mjini, ananisimulia habari za zamani, na tukikaribia soko huvua ile kofia, akaishika magotini mpaka tupite.